Using'oe Mizabibu Kabla ya Ukaguzi

Kila asubuhi mama alipita shambani kabla ya kwenda kuchota maji. Aligeuza majani ya mizabibu. Alishika vishada. Mwaka ule majani yalikuwa ya manjano na zabibu zilikuwa ndogo kuliko njegere. Mizabibu ilikuwa imezeeka. Mama aliogopa, maana shamba lile ndilo lililowalisha yeye na mumewe na kuwasomesha watoto wao.

Mumewe aliitwa Chapchap na majirani. Ukimwambia kuna harusi mwezi ujao, yeye keshavaa viatu.

Katika mkutano wa wakulima walisikia kwamba serikali inatoa ruzuku, yaani msaada wa kupunguza gharama. Mkulima akiondoa mizabibu mizee, serikali itamlipia sehemu kubwa ya bei ya miche mipya. Wakajiandikisha, wakaambiwa mkaguzi atakuja kuliona shamba. Kesho yake Chapchap akachukua sururu, akaanza kung'oa.

"Baba watoto, umeuliza lakini?"

"Niulize nini? Mgeni akija, si anakuta nyumba imefagiliwa? Basi na mkaguzi akute shamba safi!"

Mama hakuridhika. Mistari mitatu ilikuwa tayari imelala chini. Aliacha ndoo, akakimbia kwa bibi shamba, mtaalamu wa kilimo aliyekaa jirani nao. Bibi shamba alikuja mbio, mswaki bado mkononi.

"Baba, weka sururu chini! Tafadhali!"

"Kuna nini tena?"

"Mkaguzi lazima aione mizabibu mizee imesimama. Anaihesabu, anapima eneo, ndipo anakupa kibali cha kung'oa. Akikuta ardhi tupu, atajuaje kwamba hapa hapakuwa na maharage?"

Chapchap aliitupa sururu. Akakaa chini palepale, udongoni.

"Nimetuponza," alisema.

"Na hii iliyolala je?" mama aliuliza.

"Siwezi kukudanganya, mama. Nadhani ruzuku ya hiyo mmeikosa. Msiichome, wala msiisimamishe kwa ujanja. Mwambieni mkaguzi ukweli."

Siku za kungoja zilikuwa ngumu. Kila pikipiki ilipopita, mama alishtuka. Itakuwaje wakinyimwa ruzuku ya shamba zima? Chapchap hakumaliza chakula chake.

Mkaguzi alifika. Alisimama kwenye ile mistari mitatu, akaitazama.

"Nani ameing'oa hii?"

"Mimi," Chapchap alijibu. "Sikuuliza."

Mkaguzi aliguna. Akapima mizabibu iliyosimama tu, mstari hadi mstari.

"Hapo palipong'olewa hamtapata kitu," alisema. "Kwingine kote, kibali hiki hapa. Sasa ng'oeni."

Mama alishusha pumzi. Walikuwa wamepoteza mistari mitatu, na iliwauma. Lakini shamba lilikuwa limepona.

Mvua zilipokaribia, miche ikafika. Bibi shamba aliwaonyesha namna ya kuchimba mashimo na kuchanganya samadi na udongo. Chapchap alichukua mche wa kwanza, akasimama nao tu juu ya shimo.

"Vipi tena, baba?"

"Nauliza. Nipande, au kuna mtu wa kuja kuuona kwanza?"

Bibi shamba alicheka hadi akashika mbavu. "Panda, baba. Panda!"

Miche ilishika, ikatambaa juu ya waya. Ilipozaa, kishada cha kwanza kilijaa viganja vyote viwili vya mama. Akalia mbele ya watu, wala hakuona haya.