Maji Matamu ya Bahi

Maji yaliwajia bila wingu hata moja. Mvua ilinyesha huko juu, milima ya Kondoa, na wakwangua chumvi wa Bahi walikuwa wakiangalia mbingu ya kwao tu, wakasema tuongeze siku moja tujaze vikapu. Tamaa hiyo! Kulipokucha mbuga yote ilikuwa ziwa. Hana na mumewe Sila walikuwa wamekwama juu ya kichuguu kipana kiasi cha zizi la mbuzi, pamoja na Zaidi, mchuuzi wa tumbaku kutoka Haubi, aliyekuwa akikatisha mbuga kwenda Dodoma, mwaka ule reli ya Mdachi ilipofika huko.

Katika kukimbia Sila alijikata kwa jembe. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na umeanza kunuka. Asipofika nchi kavu leo atakufa, Hana alijua hivyo, na hakuwa tayari kukubali.

Asubuhi ile maji yalitulia tuli. Zaidi akavua shuka.

"Mimi nimekulia ziwani, dada. Maji yakilala hivi ndiyo ya kuogelea."

Hana akachota kwa kiganja, akaonja. Matamu, tena ya baridi.

"Bado. Hapa kwetu maji yakikaa huingia chumvi ya ardhi. Haya ni ya mto, yanapita chini kwa chini. Yatakubeba."

Mbishi yule akaingia. Hakufika mbali, mkondo ukamsomba kama gogo mpaka aliponasa kwenye mgunga. Alirudi kwa kuzunguka nje ya mkondo, akitetemeka, mapaja yamechanwa na miiba. Hana alitamani kumcheka, akajizuia.

Wakangoja. Hana alionja kila mara, na kila mara alitikisa kichwa, huku Sila akiweweseka kwa homa. Jua la utosi upepo ukaamka, mawimbi ya rangi ya tope yakaanza kupiga kichuguu. Akaonja tena. Chumvi.

"Sasa."

"Sasa? Na mawimbi haya?"

"Yatakupiga usoni, hayatakubeba. Wewe una mikono, mimi nina ulimi. Nifunge vibuyu vyetu vya maji, twende tukamtafutie Sila mtumbwi."

Zaidi alimfunga vibuyu vinne vitupu kwapani, akamkokota kwa kamba. Waliuweka upepo shavu la kushoto. Hana alimeza mawimbi, akatapika, akaonja. Katikati maji yakawa matamu ghafla, na miguu ikapigwa na baridi.

"Rudi! Shika kulia!"

Walizunguka mkondo ule mbali sana. Kibuyu kimoja kilipasuka, cha pili kikachomoka. Hana alipiga miguu hata asiihisi tena, akimwambia Mungu kwamba Sila hafi, basi.

Magoti yake yaligusa tope jua likiwa limeinama. Wavuvi waliwapa uji. Zaidi alikunywa. Hana aliuacha kibuyuni, akaingia mtumbwini mwao bila kuomba ruhusa, wakamfuata.

Walimkuta Sila ameketi, maji yamemfika kiunoni, mguu mbovu ameupandisha juu ya kikapu. Alimtazama mkewe kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa.

"Chumvi yote imeyeyuka, Hana. Kazi yetu ya mwezi mzima."

"Iyeyuke," alisema Hana, akamshika kwapani kumvuta ndani, na hapo ndipo alipolia.