Simu Ilipogandia Kwenye Ndiyo

"Binti yangu, nakuuliza mbele ya watu hawa. Mbege waliyoileta, tunywe au tusinywe?"

Sauti ya Baba Mkubwa Gaspar ilitoka Rombo ikajaa sebule yote ya Shangazi Anastasia, Tegeta, walikoketi wageni wa posa na ndoo yao ya pombe ya ndizi. Simu ya Genoveva ilikuwa imeegemezwa kwenye televisheni, na uso wa mzee umejaa kioo kizima. Genoveva akavuta pumzi. Jibu alikuwa nalo tangu Pasaka, kilichobaki ni kulitamka tu.

"Tu..."

Simu ikaganda.

Haikukatika. Ingekatika tungelaumu mtandao tukaendelea na maisha. Hii iliganda, Baba Mkubwa jicho moja wazi na jingine limefumba.

"Nimesema tunywe, Baba Mkubwa! Unanisikia?"

Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mzee Cyprian, mshenga wa upande wa mwanaume, ambaye mkono wake ulishaanza kuifuata kata ya kuchotea mbege, akaurudisha mapajani kwa aibu. Mara kitochi cha shangazi, simu yake ndogo ya vitufe, kikaita, akakiweka spika. Alikuwa Baba Mkubwa.

"Anastasia, huyo mtoto amefumba macho na amenuna kama kanyweshwa mwarobaini. Nimemuuliza mara mbili hanijibu. Kwetu msichana akinyamaza kwenye swali hilo, amekataa. Funikeni mbege."

"Kaka, ni simu tu imeganda."

"Mbona hii tunayoongea haijaganda? Funikeni!"

Ukisikia mambo kuharibika ndiyo huko. Baba yake Genoveva alishafariki, na Gaspar ndiye aliyesimama mahali pake. Mguu ulimzuia kusafiri, lakini bila neno lake hakuna wa kuigusa ile ndoo, na mbege isiponywewa hakuna posa wala harusi.

Shangazi akamnyooshea kitochi. "Chukua mwenyewe umwambie."

Genoveva alikuwa ameshanyoosha mkono, ndipo mchumba wake Edgar, aliyekaa kwenye kochi na suti yake mpya, akanong'ona kwa mshangao:

"Haiwezekani igande. Juzi tu nimeiongezea RAM."

Mkono wa Genoveva ukaishia hewani.

"Umefanya nini?"

"Nimekuongezea RAM."

"Shangazi, mwambie Baba Mkubwa anisubiri kidogo. Edgar, jikoni."

Akaichukua simu yake pale kwenye televisheni, akatangulia. Mlango wa jikoni ulipofungwa, hakungoja hata Edgar ageuke.

"Nani kakwambia uiguse simu yangu?"

"Si ulikuwa unalalamika, Veva? Ukitoka WhatsApp ukaenda kwenye kamera, ukirudi WhatsApp inaanza upya kama haikujui. Uongo?"

"Kweli."

"Na tangu juzi?"

Hapo alimshika. Tangu juzi simu ilikuwa na adabu. Genoveva alikuwa anatoka kwenye kamera, anarudi kumjibu mteja wake wa keki, anakuta kila kitu kipo pale pale alipokiacha. Alikuwa hata ameisifia, masikini.

"Tangu juzi hairudi mwanzo," akakubali kwa shingo upande.

"Basi! Na hujanunua simu mpya. Sikia, RAM ni kama hii meza unayopambia keki. Yako ni ndogo, ukiweka bakuli hili, lile linadondoka. Mie nikaingia kwenye setingi, nikakata sehemu ya stoo, pale panapokaa picha na video, nikaifanya meza ya pili."

"Kwa hiyo niache meza yangu hapa, nikimbie stooni kukoroga, nirudi?"

"Ndiyo hivyo. Meza ya stooni ni ya pole pole, haiwezi kuwa sawa na RAM yenyewe. Kwa app zilizotulia tu inafaa sana. Ila kwa kazi nzito..."

"Kama kuongea na Baba Mkubwa kwa video."

"Eeh. Na kama stoo nayo imejaa, inaweza ikazidiwa."

"Inaweza? Edgar, imezidiwa mbele ya ukoo mzima!"

Genoveva akataka kuendelea kufoka, lakini neno moja likawa limemkwama kichwani. Stoo imejaa.

"Hebu subiri. Simu yangu ilikuwa haina nafasi hata ya picha moja. Nafasi ya hiyo meza uliitoa wapi?"

Edgar akaliangalia jiko la gesi kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Nilipunguza punguza."

"Nini?"

"Video za keki. Za zamani tu, Veva."

Kabla Genoveva hajajibu, simu ikazinduka na kulia. Ujumbe wa mteja wake, Tupokigwe:

"Dada Veva mambo. Naomba ile video ya keki ya ghorofa tatu sasa hivi. Mawifi wamekaa hapa wanachagua, wasipoiona wanampa kazi mtu wa Tabata."

Genoveva akaitafuta. Akashuka mpaka chini, akapanda mpaka juu. Haikuwepo ile, wala ile ya kipaimara, wala zile za mahafali. Akakaa kwenye gunia la ngano.

"Keki zinaliwa, Edgar. Kinachobaki ni video. Lile ndilo duka langu."

"Nilidhani umezihifadhi na sehemu nyingine."

"Ungeniuliza!"

"Nilitaka iwe sapraizi."

"Na nyumba ya Mbweni ilikuwa sapraizi. Umemwambia dalali tunahamia, wakati wateja wangu wote wako hapa Tegeta. Hata chipsi unaniagizia kabla sijafungua mdomo! Unanisaidia mpaka nakosa pumzi, na nikikasirika mie ndiyo naonekana sina shukrani."

Machozi yalimtoka kwa hasira. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alimpenda. Angekuwa mlevi au mhuni, angeshamfukuza zamani na watu wote wangempigia makofi. Huyu alikuwa mwema kabisa, ila kuuliza ndiko kulikomshinda.

Edgar akachuchumaa mbele yake, suti mpya na vumbi la ngano.

"Nimekosa, Veva. Nakuapia, sitagusa kitu chako tena bila ruhusa yako. Nisamehe."

Alimwangalia. Macho ya Edgar yalikuwa yameiva, na hayakuwa ya kuigiza. Moyo ukalainika, kwa kuwa mioyo mingine haina msimamo. Akajifuta uso kwa kanga, wakarudi sebuleni, akapokea kitochi.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa umenuna nini?"

"Sikununa, baba. Simu iliganda."

"Haya. Nakuuliza mara ya tatu na ya mwisho. Tunywe au tusinywe?"

Mzee Cyprian safari hii kata alikuwa ameishika kabisa. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi wa Genoveva, tena lile lile la mwanzo. Alitaka tu kumeza mate kwanza.

"Tunywe, baba!" Edgar akadakia, mdomo kwenye kitochi. "Amekubali, tumeshayamaliza!"

Shangazi akajishika mdomo.

"Nani huyo?" Baba Mkubwa akauliza.

Genoveva akageuka kumtazama mchumba wake. Edgar alikuwa anatabasamu, ametua mzigo, amesaidia.

"Ni Edgar, Baba Mkubwa. Mie bado sijajibu."

"Basi jibu, mwanangu."

"Msinywe."

Sauti yake ilifika Rombo yote.

"Nimekusikia," mzee akasema taratibu. "Anastasia, funika ndoo."

Tabasamu la Edgar likaondoka kidogo kidogo.

"Veva... nimejibu tena?"

"Umejibu tena."

Wazee wakainuka, ndoo ikabebwa ikiwa imejaa vile vile. Edgar alibaki wa mwisho mlangoni, viatu mkononi.

"Veva," akasema hatimaye, "naweza kuja tena?"

Genoveva akashtuka. Katika uchumba wao wote hakukumbuka kuulizwa swali likaachwa lipumue. Hakujibu haraka. Mdomo wa Edgar ulifunguka, jibu limeshafika kwenye meno, kisha akaufumba mwenyewe, akasimama pale na viatu vyake, akisubiri.