Verni Haijakauka

Carmel alikuwa anakatiza parkingi ya Masisi-centre, siku ya soko, mkononi ana chupa ya petroli ya taa, aliposikia mwanaume akitukana motere, injini ya gari. Mwanaume huyo alikuwa ameinamia gari, jipu ya kijani iliyofunguliwa kapo, boneti ya mbele. Kando yake wamama walikuwa wakipakia magunia ya mihogo, pikipiki zikipiga honi, na tope lilikuwa limewafika wote kwenye vifundo vya miguu.

Carmel alichungulia.

"Papa, hii iko motere ao ni sahani ya bugari yenye hawajasafisha?"

Mwanaume aliinua kichwa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, koti jekundu lililopauka mabegani, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima. Alimwona mwanamke mwembamba, kikwembe cha manjano, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande, vidole vyeusi hadi kwenye kucha.

"Weye mama unajua motere?"

"Motere sijue sana. Najua alumini. Hii nyeupe yote kwa kifuniko, ni mvua njo imeikula. Uniletee kwangu siku ine, utajiona ndani kama kwa kioo."

Mwanaume alicheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyesahau namna ya kucheka. Jina lake lilikuwa Élie. Jipu haikuwa yake; yeye alikuwa dereva tu. Ilikuwa ya Papa Sebahire, ambaye alitaka kuiuza kwa mchuuzi wa samaki wa Bweremana, na alikuwa amesema waziwazi kwamba motere ing'ae kabla mnunuzi hajaiona.

Hivyo ndivyo Élie alivyofika kwa Carmel, kwenye nyumba ya mbao ya vyumba viwili juu ya kilima, kifuniko cha motere kimefungwa ndani ya gunia. Carmel aliishi hapo na mama yake, Mama Emérita. Walikuwa wamekimbia vita kijijini Kalembe mara mbili, na mara ya pili hawakurudi. Baba yake, fundi wa pikipiki, alikuwa amemwachia kazi hii na si kitu kingine. Mama alilima maharagi huko Kingi kwenye shamba la watu; binti alisugua vifuniko vya motere vya pikipiki na magari, ameketi kwenye kiti kifupi mlangoni.

Kazi ilimchosha. Aliosha kifuniko kwa petroli na sabuni, akakwangua verni ya zamani, vanishi iliyoungua, kisha akakisugua kwa karatasi ya msasa iliyoloweshwa maji, akianza na ile kali, akishuka taratibu hadi ile laini kama kitambaa. Halafu pasta ya kung'arisha, halafu kitambaa, halafu tena. Mgongo ulimuuma kuanzia siku ya kwanza.

Élie alipita kila jioni kabla jua halijazama, kila mara na sababu mpya.

"Nimekuja kuona kifuniko."

"Jana ulikiona."

"Jana sikukiona vizuri. Kulikuwa muntu muzuri mbele yake."

"Élie, uache. Nimechoka, nikicheka mbavu itaniuma."

Na akiwa barabarani na gari nyingine ya Papa Sebahire, mahali palipokuwa na rezo, mtandao wa simu, alipiga.

"Allo, daktari wa motere?"

"Daktari iko kwa kazi."

"Mugonjwa wake iko napita barabara mubaya, roho inamuruka. Amuambie neno moja tu."

"Neno gani?"

"Lenye iko nalo."

Carmel aligeuza shingo. Mama Emérita alikuwa nyuma yake akichochea moto.

"Urudi muzima, sheri," alisema kwa sauti ndogo, akakata simu haraka.

Siku ya nne kifuniko kiling'aa kweli. Carmel alikipangusa kwa alkoli ili jasho la vidole lisibaki, akakianika juani, akakipaka verni ya kung'aa, tabaka nyembamba, kisha nyingine. Bila verni, alisema, ukungu wa Masisi ungekirudishia weupe wake kabla mwezi haujaisha.

"Sasa usikilize," alimwambia Élie. "Inakauka siku tatu. Isiguse moto. Ukiifunga kwa motere leo, itachemuka na kuwa kama maziwa yenye imeungua."

"Bosi anataka niondoke nayo. Nitaiweka ndani ya nyumba yangu mpaka Jumatatu."

"Unaniahidi?"

"Ninakuahidi, mupenzi wangu."

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi Papa Sebahire alisema mnunuzi hangoji tena, anataka kuiona jipu Bweremana siku hiyohiyo. Élie aliigusa ile verni kwa kidole, ilionekana kavu. Akakifunga kifuniko, akawasha motere, akashuka Bweremana.

Mnunuzi alipofungua kapo, kifuniko kilikuwa na malengelenge ya rangi ya chai. Mtu wa Bweremana alitikisa kichwa, akasema motere hii inapata moto sana, akarudi kwenye samaki wake. Jipu haikuuzwa.

Jumatatu, katikati ya parkingi, Papa Sebahire alipaza sauti hadi wamama wa mihogo wakageuka.

"Ule mutoto wa Kalembe ameniharibia gari! Hajui kazi! Mwenye atamupelekea kintu chake, alie mwenyewe!"

Élie alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, ameshika ufunguo. Alitazama tope.

Habari ilimfikia Carmel kabla ya chakula cha mchana, kwa mdomo wa jirani yake Fifi, ambaye alikuwa sokoni. Kabla ya jioni, wenye pikipiki wawili walikuja kuchukua vifuniko vyao ambavyo vilikuwa bado nusu. Hawakumtukana. Walisema tu, "Samahani, dada," wakaondoka navyo chini ya kwapa. Hilo lilimuuma zaidi.

Élie alimpigia Carmel simu mara sita siku hiyo. Mara ya saba Carmel alipokea.

"Allo, Carmel. Sheri, unisikilize..."

"Ni weye ulisema sijui kazi?"

"Hapana! Nakuapia, mimi sikusema. Ni bosi."

"Na weye ulikuwa wapi?"

Mahali fulani nyuma ya Élie mbuzi alilia.

"Nilikuwa pale."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kintu."

"Njo hiyo, Élie. Haukusema kintu. Ulijua ni siku ngapi nilikuambia, ulijua ni nani alifunga, ukanyamaza. Bantu wa Masisi wote wameniona mujinga, na mwanaume mwenye ananiita mupenzi iko naangalia chini."

"Ningepoteza kazi."

"Mimi nimepoteza yangu. Usinipigie tena. Nimechoka."

Wiki tatu zilipita. Carmel alienda Kingi na mama yake kung'oa maharagi, kwa sababu hakuna aliyeleta kifuniko. Mvua ilinyesha. Milio ya bunduki ilisikika upande wa milima siku mbili, ikanyamaza, watu wakarudi mashambani bila kuulizana. Usiku alilala kama jiwe; mchana aliitazama simu, kisha akajilaumu kwa kuitazama.

Élie naye aliendesha jipu hadi Walikale na kurudi, na kwenye kila shimo alisikia lile swali: na weye ulikuwa wapi? Hata chakula kilikosa ladha. Siku ya soko iliyofuata, Papa Sebahire alikuwa akisimulia tena hasara yake mbele ya wenye pikipiki, na mtu mmoja akacheka akitaja jina la Carmel. Élie alishuka garini.

"Papa Sebahire, muache. Si Carmel njo aliharibu. Ni mimi."

"Unasema nini?"

"Aliniambia siku tatu bila moto. Mimi nilifunga kesho yake. Nilikuficha juu ya woga. Nyinyi wote munisikie: kazi yake ilikuwa muzuri, ni mimi niliiharibu."

Mwenye jipu hakupaza sauti safari hii.

"Fungua kile kifuniko, umupelekee akitengeneze. Halafu unirudishie ufunguo. Dereva mwenye ananidanganya, sina kazi naye."

Élie alipanda kilima kwa miguu, kifuniko mgongoni, koti limelowa. Carmel alimkuta amesimama mlangoni alipotoka shambani. Fifi alikuwa amekwisha kumfikishia habari yote, akikimbia mbele ya mvua.

"Sikuje kuomba unisamehe leo," Élie alisema. "Nimekuja kufanya kazi. Unionyeshe namna."

Carmel aliweka jembe chini. Alikuwa na hasira bado, lakini hasira nayo ilikuwa imechoka. Alimsukumia kiti kifupi kwa mguu.

"Anza kukwangua. Polepole, usikate alumini."

Kwa siku mbili Élie alisugua. Ngozi ya vidole ilichubuka, maji ya msasa yakamchoma kwenye vidonda, naye hakulalamika. Carmel aliketi karibu yake, akimrekebisha kwa kumshika kifundo cha mkono, na kila mara mkono wake ulichelewa zaidi kuondoka. Kisha verni. Kisha siku tatu za kungoja, ambapo hakuna mtu aliyekigusa kifuniko.

Siku ya tatu, Élie alisema:

"Sina kazi. Sina gari. Barabara yenyewe hatujui kama kesho itafunguka. Lakini nataka kukuoa, Carmel. Nimechoka kurudi jioni kwenye nyumba yenye hakuna muntu."

Carmel alikunja kitambaa cha kung'arishia.

"Na siku ingine bantu wakinisema tena?"

"Nitasema."

"Kila muntu anaweza kusema hivyo mahali tuko wawili." Alielekeza kidevu uani. "Kasemee pale."

Uani, Mama Emérita na Fifi walikuwa wakichambua maharagi kwenye turubai, na majirani watatu walikuwa wamesimama kando wakingoja jua la kuanikia maharagi yao. Élie alitoka. Alisimama mbele yao wote, mikono imemning'inia, na hakutazama chini.

"Mama," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "nampenda Carmel. Nilimukosea mbele ya bantu, na mbele ya bantu nakuomba. Nataka kumuoa."

Fifi aliachia maharagi yaliyokuwa mkononi. Mama Emérita alimtazama Élie, kisha akamtazama binti yake aliyeegemea mlango, akaona alivyokuwa akiuma mdomo ili asitabasamu. Alivuta turubai kidogo, akaacha nafasi.

"Ukae kwanza, mutoto wangu," alisema. "Maharagi iko mingi, na siye wote tumechoka. Utusaidie."

Élie alikaa. Baada ya kitambo, Carmel naye akatoka, akakunja kikwembe chake, akaketi karibu naye, bega kwa bega.