Misalaba ya Chaki Chini ya Rangi

Kila siku shule ilipofungwa, Séphora hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia kwanza karakana ya baba yake, Lusenge, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Butembo. Aliweka madaftari yake juu ya pipa, akavaa koti kuukuu la baba lililomfika magotini, kisha akachukua brashi. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na brashi aliijua kuliko kalamu, ingawa mwalimu wake hakuifurahia sana habari hiyo.

Umeme wa mtaa wao ulikuwa kama mgeni asiye na adabu: ulikuja bila hodi, ukaondoka bila kuaga. Kwa hiyo Lusenge na msaidizi wake, Sadrack, walikuwa na utaratibu wao. Umeme ulipokuwa mchache, walishikiza kila kipande kwa vitone viwili vitatu tu vya moto, kisha wakachora juu yake msalaba wa chaki. Msalaba ulisema: hapa bado. Umeme uliporudi walichomelea kabisa, wakagonga kwa nyundo, wakasikiliza, ndipo wakafuta msalaba kwa kiganja. Baada ya hapo tu Séphora aliruhusiwa kupaka rangi. Katika karakana ile, chuma chenye rangi kilikuwa chuma kilichomalizika, na hakuna aliyeuliza mara mbili.

Siku moja alikuja Mama Kavuo, mfanyabiashara wa kakao kutoka Beni. Alikuwa amenunua kontena kuukuu ili liwe ghala lake, na magunia yangeletwa kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo.

"Papa Lusenge, niko na shida," alisema. "Kule Beni, kontena itakaa juu ya mawe, mita moja, kwa sababu ya maji ya mvua. Chukudu haziwezi kupanda. Nikiweka mbao, banaziiba, banaenda kupikia maharagi."

Lusenge alikuna kichwa. Séphora alikuwa ameketi na katoni tupu ya biskuti. Alikata upande mmoja wa katoni, akauacha umeshikilia chini tu, kisha akaulaza.

"Papa, na kama mulango yenyewe inalala chini? Ikisimama ni mulango, ikilala batu banapitia juu yake."

Lusenge aliipokea katoni. Akaufunga mlango wa karatasi, akaufungua, akaufunga tena. Alichukua chaki akaanza kuchora sakafuni, na Séphora alihisi kifua chake kikijaa furaha.

Wiki mbili zilizofuata, waliondoa milango miwili ya zamani na kutengeneza mmoja mpana wa chuma kinene, wenye bawaba tano upande wa chini. Mnyororo na winchi ya mkono viliushusha taratibu mpaka ukagusa ardhi. Upande wa ndani Lusenge alichomelea vyuma vyembamba vya kukinga mguu na gurudumu visiteleze. Ukifungwa, ulikuwa mlango wa kufuli mbili. Ukilazwa, ulikuwa njia ya chukudu kupanda na mizigo yake.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Lori lilitakiwa kulibeba kontena Jumamosi alfajiri, na Mama Kavuo alisema angepita saa kumi kuliona. Bawaba zote tano zilikuwa na misalaba. Umeme ulikuja, Lusenge akachomelea tatu za kulia, akafuta misalaba yake. Kisha umeme ukakatika.

"Naenda kutafuta groupe ya kuazima, ile mashine ya umeme," alisema. "Sadrack, courant ikirudi kabla yangu, malizia zile mbili."

Sadrack aliitika, akaenda nyuma ya karakana kukata vyuma kwa msumeno. Séphora akabaki na mlango. Ulikuwa mzuri! Wote ulikuwa mwekundu, isipokuwa kona ya kushoto, ambapo misalaba miwili myeupe ilimtazama. Saa kumi ilikuwa imekaribia. Aliwaza Mama Kavuo angefika na kuukuta mlango wake, mlango ambao yeye Séphora aliubuni, una madoa kama mbuzi mwenye upele.

Papa hawezi kusahau, alijiambia. Akachovya brashi. Alipaka mara moja, chaki ikanywa rangi. Alipaka mara ya pili, misalaba haikuonekana tena.

Umeme ulirudi kwa nusu saa. Sadrack alikuja na miwani yake, akaona bawaba zote nyekundu, akafikiri bosi alizimaliza kabla ya kuondoka. Akarudi kwenye vyuma vyake. Lusenge naye alirudi mikono mitupu, akiwa na Mama Kavuo aliyekutana naye njiani. Akaona bawaba zote nyekundu, akafikiri Sadrack alizimaliza. Rangi ilikuwa imewadanganya wote wawili, na aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu, amesimama pale na brashi mkononi.

Séphora alifungua mdomo. Lakini baba yake alimshika bega mbele ya watu.

"Mama Kavuo, huyu njo mwenye kuwaza hii mulango. Mutoto wangu."

Mama Kavuo alimpa mkono kama anavyopewa mtu mzima. Séphora akaupokea. Nitamwambia Papa jioni, aliwaza. Jioni ilifika, akasema kesho. Alfajiri lori likaondoka na kontena.

Jumapili baada ya misa, simu ya baba ililia. Alikuwa Vagheni, mtoto wa kaka mkubwa wa Lusenge, kijana aliyeendesha chukudu mjini Beni na asiyejua kusema polepole.

"Tata mudogo! Kesho saa ine Mama Kavuo anafungua depot. Miye njo nitapanda wa kwanza, na magunia matano! Ambia Séphora, mulango yake itanibeba kama mukubwa!"

Baba alicheka. Séphora alisukuma sahani yake. Tangu utoto Vagheni alimbeba mgongoni na kumwita "mwanasheria" kwa sababu ya ubishi wake, naye alimwita yaya, yaani kaka mkubwa. Sasa alimwona akilini akianguka, na magunia yakimwangukia, na chukudu ikiwarudia walioisukuma nyuma. Picha hiyo ilimfuata mezani, na kwenye sala, na kila alipofumba macho.

Jumatatu darasani, mwalimu aliandika hesabu za kuzidisha. Alichora alama ya kuzidisha ubaoni kwa chaki nyeupe, kubwa. Séphora aliitazama, kalamu ikamwanguka.

"Séphora, unaumwa?"

"Ndiyo, mwalimu," alisema, na hakuwa anadanganya. Aliruhusiwa kutoka. Alikimbia bila kusimama mpaka karakana.

"Papa! Nilipaka rangi juu ya misalaba!"

Lusenge alizima mashine. "Ya wapi?"

"Ya mulango ya Mama Kavuo. Mbili. Za kushoto. Sikusemaka, Papa. Niliogopa."

"Sadrack, si ulichomelea za kushoto?"

Sadrack alivua miwani yake polepole. "Miye? Nilikuta rangi, patron. Nikasema ni weye ulimaliza."

Lusenge alipiga simu ya Mama Kavuo: haipatikani. Akapiga ya Vagheni: ililia mpaka ikakatika. Akachukua nyundo, akamshika binti yake mkono.

"Twende. Utasema Mama Kavuo mwenyewe asikie, kwa mudomo yako."

Walipata teksi iliyokuwa imejaa, wakabanana. Barabara ya kwenda Beni si barabara ya kusinzia. Baada ya Maboya abiria hunyamaza wenyewe, wakitazama vichaka ambamo watu wenye silaha huvizia, na siku ile pikipiki moja iliyokuja mbio kutoka mbele iliwafanya wote washike pumzi. Lakini Séphora hakuogopa vichaka. Aliogopa saa ya dereva. Saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika hamsini. Kwenye kizuizi magari yalikuwa yamepanga mstari, na dereva akazima injini ili kuokoa mafuta. Séphora alisali Salamu Maria, akaichanganya na hesabu za kuzidisha, akaanza upya.

Walipofika, kulikuwa na watu wengi na nyimbo. Mlango ulikuwa umelazwa, mwekundu, unang'aa. Mbele yake ilisimama chukudu yenye magunia matano, Vagheni ameshika usukani wake wa mbao, na vijana watatu nyuma tayari kusukuma.

"Yaya Vagheni! Hapana panda!" Séphora alipiga kelele.

Vagheni aligeuka akicheka. "Aa, mwanasheria! Umechelewa. Nilipanda tayari na mikono mitupu. Iko nguvu!"

"Hapana panda! Haina nguvu!"

Watu walicheka. Mama Kavuo alikuja, uso umekunjamana. "Papa Lusenge, ni nini? Munaniletea haya mbele ya baclients?"

"Mama, usikilize mutoto," alisema Lusenge.

Séphora alikwenda akasimama mbele ya gurudumu la chukudu, mikono ameitanua. Wote walimtazama, na nyimbo zikakoma.

"Bawaba mbili hazikuchomelewa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Papa aliweka misalaba. Miye nilipaka rangi juu yake, kwa sababu nilitaka ionekane imeisha. Nilijua. Nilijua tangu ile siku ya vendredi, na sikusema."

Lusenge alipiga magoti pale bawaba zilipokutana na kontena. Akagonga ya kulia: tii! Ya pili: tii! Ya tatu: tii! Kila moja ililia vizuri. Akagonga ya nne. Ilitoa sauti butu, kama kikopo kilichopasuka. Alipogonga ya tano haikuwapo sauti. Vitone vya moto vilikatika, bawaba ikaachana na chuma, na kona yote ya kushoto ya ule mlango mzito ikaporomoka na kupiga mawe kwa kishindo. Vumbi likaruka. Mtoto mmoja akalia.

Vagheni aliachia usukani. Alitazama ile kona, kisha magunia matano, kisha vijana watatu waliokuwa nyuma yake. Akakaa juu ya jiwe.

Jirani mmoja aliwaazima groupe na mashine ya kuchomelea. Lusenge alifanya kazi mpaka saa nane. Alichomelea zile mbili, kisha akazirudia. Alipomaliza alijifuta jasho, akamgeukia Mama Kavuo mbele ya watu wote.

"Mama, na miye nilikosa. Mutoto alificha, lakini miye njo fundi. Niliona rangi, sikupiga nyundo. Nilitoa kazi bila kuisikiliza. Unisamehe."

Mama Kavuo alikuwa bado na hasira, na haki ilikuwa yake. Hatimaye alimwita Séphora, akamkalisha karibu yake juu ya gunia.

"Séphora, mutoto wangu, usikie. Rangi inafunikaka kitu, haikishikake. Na uoga ni vilevile: ukiuficha, unakomaa ndani yako. Ungesema vendredi, ilikuwa makosa ya chaki tu, unaifuta na mukono. Leo ilibakia kidogo ikuwe makosa ya damu, na ile hakuna mwenye kuifuta. Ukikosa, sema wakati kosa ingali ndogo. Wasingya, aksanti, kwa sababu umekuja."

"Mwezi muzima hautagusa brashi," aliongeza baba yake. "Utashika nyundo. Kila kitu kitakachotoka kwetu, weye utakigonga kwanza, na utaniambia unachosikia."

Séphora aliinamisha kichwa, akakubali. Machozi yalimtoka sasa, yale aliyoyashikilia siku tatu, na hakuyaficha.

Jua lilikuwa limeanza kupungua makali. Vijana watatu walirudi nyuma ya chukudu. Vagheni alishika usukani, lakini hakusogea. Hakumtazama Lusenge wala Mama Kavuo. Alimtazama Séphora.

"Mwanasheria," aliuliza kwa upole, "nipande?"

Séphora alichukua nyundo ya baba yake. Ilikuwa nzito. Aligonga bawaba ya kwanza, akainamisha sikio. Akagonga ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano aliigonga mara tatu. Watu wote walisubiri, hata Mama Kavuo, na hakuna aliyemharakisha.

Alisimama, akajiondoa njiani.

"Panda, yaya," alisema.