Ovaroli za Baba Watoto

Sindano ikiwa bado mbavuni mwangu, mume wangu alimdanganya daktari... na mimi nikimtazama.

Jamani, nisikilizeni. Nilikuwa nimeinamia meza ya hospitali, wananivuta maji yaliyojaa kifuani, pumzi inakuja kwa kubembelezwa. Daktari akauliza kama mimi au mtu yeyote wa nyumbani amewahi kufanya kazi kwenye vumbi la asbesto.

"Hakuna," mume wangu akajibu haraka. "Mimi ni seremala."

Seremala! Mtu aliyezeekea kwenye kiwanda cha mabati ya asbesto, tangu tuoane mpaka tumepata wajukuu.

Nilipombana nyumbani, akasema kazini wamekatazwa kuongea na madaktari, nisimharibie akiwa karibu kustaafu. Nikanyamaza. Mke mwema, si ndiyo?

Basi nikaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha. Nikazimeza mpaka mkojo ukawa rangi ya chungwa, na maji yakarudi palepale. Nakonda, nguo zinanivuka, na baba watoto ananihimiza nisiruke dozi.

Daktari akaona hapa kuna jambo. Nikaingizwa kwenye ile mashine kubwa ya picha, ikaonekana utando unaofunika pafu umekuwa mnene na una vinundu. Maji waliyoyapima hayakutoa jibu la uhakika. Wakanitoboa ubavuni, wakapitisha kamera, wakakata vipande vya ule utando vikapelekwa maabara.

Majibu yakaja. Saratani ya utando wa pafu.

"Mara nyingi hii huletwa na vumbi la asbesto," daktari akasema taratibu. "Linaweza kukaa mwilini kimya miaka mingi. Mama, wewe ulilipata wapi?"

Mama mkwe, tunayeishi naye, ndiye aliyenisindikiza siku hiyo. Akadakia kabla sijafungua mdomo.

"Si zile ovaroli? Mimi mwanangu alinikataza kuzigusa. Alisema vumbi lake linaua, nimwachie mke wake afue."

Wala hakujua amesema nini. Alikuwa anamsifia mtoto anayemjali mama yake.

Ndugu zangu, kila jioni nilizikung'uta zile ovaroli mlangoni kabla ya kuziloweka. Vumbi linanijaa usoni, mume wangu amekaa kule mbali, chai mkononi, ananiangalia... Nami nilidhani ni mapenzi.

Niliporudi nikamkuta sebuleni. Ovaroli zilikuwa kwenye beseni, zinanisubiri.

"Leo kung'uta mwenyewe," nikamwambia.

Akanyoosha mkono, akaurudisha. Kisha akaniuliza glavu ziko wapi.

Daktari akikuuliza watu wa nyumbani kwako wanafanya kazi gani, jibu wewe, kwa mdomo wako. Mimi nilimwachia mume wangu anijibie, na kifua kinachooza ni changu.