Majaketi Ishirini ya Carmel

Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa akina Carmel katika mtaa wa Sydenham mjini Durban, Afrika Kusini, zogo lilikuwa lile lile. Mama Julienne alikuwa akitafuta vitana vyake vya saluni. Mireille, kitinda mimba wa miaka saba, alikuwa akitafuta kiatu kimoja. Carmel mwenyewe alikuwa ameshavaa, ameshafunga kamba za viatu, naye akiizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona ameketi mahali pamoja mpaka chai ikapoa.

"Carmel, uko unakimbilia wapi?" Mama aliuliza. "Kula mkate kwanza. Mto hauna miguu, hautakimbia."

"Mama, Anko Shafiek anafika sasa hivi."

Kweli, honi ya pikapu ikalia nje, na mkate ukaliwa ngazini.

Anko Shafiek alikuwa mzee aliyezaliwa papo hapo Durban. Babu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki, na Kiswahili chake alikirithi kwa bibi yake, kisha akakinoa kwa kuongea na majirani zake Wakongomani. Alikuwa mtunza stoo wa klabu ndogo ya mashua kando ya Mto Umgeni, klabu ya watu wa mtaani ambayo kila kazi yake hufanywa kwa kujitolea. Siku hiyo alikuja na mjukuu wake Aaminah, rafiki wa Carmel.

Ilikuwa Septemba, mwanzo wa majira ya kuchipua. Mashua zilikuwa zimelala chini ya maturubai majira yote ya baridi, na sasa zilitaka kupigwa msasa, kupakwa vanishi na kufungwa kamba mpya. Klabuni palikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: msimu mpya ukifika, hukai ndani ya mashua kabla mikono yako haijachafuka. Waliomaliza kazi zao mapema walipewa nafasi katika mashua ndefu ya wapiga kasia kumi. Hiyo ndiyo iliyotangulia majini Siku ya Ufunguzi wa msimu, ikaenda mpaka darajani na kurudi, huku watu wakipiga makofi ukingoni. Mwaka uliopita Carmel aliambiwa bado ni mdogo. Mwaka huu aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

"Wewe leo ni majaketi," Anko Shafiek alimwambia.

Yalikuwa majaketi okozi ishirini ya watoto, yale yanayovaliwa kifuani ili mtu akianguka majini aelee. Ndani yake mna sponji. Sponji ikizeeka hunywa maji, tena huyanywa polepole, kwa hiyo kulibonyeza jaketi kwa mkono hakusaidii kitu. Anko Shafiek alimwonyesha namna ya kulipima: unalifunga mfuko wa mchanga, unalitumbukiza katika pipa la maji, unasubiri nusu saa nzima. Likielea mpaka mwisho, limefaulu. Likizama, linakatwa kisu ili asije mtu akalivaa. Kisha aliyelipima anaandika jina lake kwenye kibao kidogo cha plastiki kilichofungwa kwenye zipu.

"Kwa nini jina langu, Anko? Kwa nini si la klabu?"

"Ili anayelivaa ajue wa kumshukuru," alijibu Anko Shafiek. "Au wa kumuuliza. Mapipa yako mawili, majaketi ishirini. Ukianza saa mbili, saa saba umemaliza. Sharp? Tumeelewana?"

"Sharp, Anko."

Mzee akaondoka na pikapu yake kwenda Queensburgh kufuata kamba na vanishi.

Jaketi la kwanza na la pili yalielea. La tatu na la nne yakaelea. Kuyatazama majaketi yakielea, jamani, ni sawa na kutazama maharage yakichemka. Carmel alisimama, akaketi, akasimama tena. Alihesabu matairi yaliyofungwa gatini. Alikwaruza rangi iliyobanduka kwenye pipa. Upepo wa Septemba ulikuwa ukivuma, na kila ulipovuma ulimletea sauti ya kocha Valérie kutoka mtoni: "Moja, mbili. Moja, mbili." Walikuwa wakifanya mazoezi ya mashua ndefu. Viti viwili vilikuwa vitupu, na viti hivyo Carmel aliviona vizuri sana kutoka pale alipokuwa.

Ilipofika saa tatu na nusu alikuwa amepima sita. Akalichukua la saba. Lilikuwa safi, rangi ya machungwa, halina hata doa. Akalibonyeza. Likabonyea na kurudi. "Hili litazamaje?" alijiuliza, na kabla hajapata jibu kalamu ilikuwa imeshaandika *Carmel*. La nane likafuata. Baada ya hapo hakubonyeza tena, aliandika tu. Kisha akayamwagia yote maji kwa mpira, kusudi yadondoke kama yaliyotoka pipani, akayaanika kambani.

Aaminah alikuwa akipaka mtumbwi vanishi. Akainua kichwa. "Umemaliza? Mbona mapema hivyo?"

"Nilikuwa natia matatu matatu kwa pipa moja."

Aaminah akaitika, akarudi kwenye brashi yake. Dakika kumi baadaye Carmel alikuwa kwenye kiti cha tatu cha mashua ndefu, kasia mkononi, meno nje. Anko Shafiek aliporudi saa saba alikuta majaketi ishirini yamepangwa kambani, kila moja na jina lake. "Kazi nzuri," alisema. Neno hilo lilimwingia Carmel kama mwiba wa samaki, na halikutoka.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Carmel ilikuwa na urefu wa wiki moja, na kila siku ya wiki hiyo ilimtesa. Jumatatu mwalimu alimuuliza swali mara mbili, naye hakusikia hata mara moja. Jumatano mvua ilinyesha, na maji ya Umgeni yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Kila alipotaka kumtafuta Anko Shafiek amwambie, alikumbuka kile kiti cha tatu, akajisemea kwamba sponji ile ilikuwa nzuri tu. Hakujidanganya vizuri. Miguu ilimtikisika chini ya dawati mpaka aliyeketi mbele yake akalalamika.

Alhamisi jioni Mireille aliingia akirukaruka. Watoto wa kanisani kwao walikuwa wamealikwa Siku ya Ufunguzi, na kila mmoja angepelekwa mtoni kidogo na kurudishwa.

"Hajui kuogelea, Mama," Carmel alisema upesi.

"Najua," alisema Mama Julienne, huku akikunja khanga zake za kazini. "Mtu mwingine angeniomba, ningekataa. Lakini uko pale wewe. Nakuachia mutoto wangu."

Carmel alitaka kusema. Alifungua mdomo, akaujaza wali.

Siku ya Ufunguzi ilikuja na jua na upepo. Ukingo ulijaa wazazi, watoto na vikapu vya chakula. Carmel alikuwa ameshaketi katika mashua ndefu, kiti cha tatu, na kocha Valérie alikuwa akifungua kamba. Nyuma yao mitumbwi mipana ya watoto ilisubiri zamu yake. Ndipo Mireille alipokuja mbio gatini, amefungwa jaketi la machungwa mpaka kidevuni, akimwita dada yake "yaya" kama wanavyosema Wakongomani.

"Yaya Carmel, tazama, nimepata lenye jina lako. Nimewaambia wote wachukue ya kwako. Nimewaambia yaya wangu ndiye alipima, hazami mtu."

Carmel akatazama nyuma ya mdogo wake. Watoto walikuwa wamepanga mstari, na kila kifua kilikuwa na kile kibao cha plastiki. Lipi lilikuwa kati ya yale sita aliyoyapima kweli? Hakujua. Yote aliyatia alama sawasawa.

Akaruka kutoka kwenye mashua. "Mireille, vua. Wewe hupandi leo."

"Kwa nini?"

"Una kikohozi. Vua."

Mireille hakuwa na kikohozi. Alivua huku akilia, akalitupa jaketi chini. Carmel akapumua. Mdogo wake alikuwa salama, na mashua ndefu ilikuwa bado haijaondoka. Angeweza kurudi kwenye kiti chake, na asingejua mtu.

Mvulana mmoja mdogo, pengo mbele, alikuwa amesimama pembeni kwa kuwa majaketi yalikuwa yameisha. Akaliokota lile la Mireille, akalivaa, akahangaika na zipu mpaka ikapanda. Kisha akamwinamia Carmel kidogo, kwa adabu aliyofundishwa kwao, akamshukuru kwa Kizulu na kumwita dada: "Ngiyabonga, sisi."

Carmel akageuka kuwatazama wazazi. Mtoto huyu naye alikuwa na mama yake mahali fulani pale ukingoni. Akapiga moyo konde, akakimbia mpaka alipokuwa Anko Shafiek.

"Anko, simamisha mitumbwi."

"Kuna nini?"

"Majaketi ya watoto. Nilipima sita tu. Kumi na manne sikuyapima, niliandika jina langu tu, nikayamwagia maji."

"Sita yapi?"

"Sijui tena, Anko."

Anko Shafiek hakumkaripia. Alimtazama kwa muda mfupi, na Carmel angependa mara mia akaripiwe kuliko kutazamwa vile. Kisha mzee akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi uliosikika ng'ambo ya mto. Watoto waliokwisha kuingia mitumbwini wakatolewa mmoja mmoja. Wazazi walianza kunung'unika, wakauliza kuna nini, na Anko Shafiek akasema, "Atawaeleza Carmel." Ikabidi aeleze, kwa Kiingereza, mbele ya watu wote.

"Kiti cha tatu kiko kitupu," kocha Valérie aliita kutoka kwenye mashua.

"Aaminah, ingia," alisema Anko Shafiek. Aaminah alimtazama rafiki yake, akaingia. Mashua ndefu ikaenda. Carmel alisikia makofi huku akijaza pipa maji. Wivu ulimchoma hasa, tusifichane, na machozi yakamtoka. Lakini mikono yake iliendelea kufunga mfuko wa mchanga.

Kazi ilianza upya, nusu saa kwa nusu saa, mapipa mawili. Wazazi wengine waliondoka wamenuna. Wengi walibaki, wakafungua vikapu vyao, watoto wakacheza mpira nyasini. Carmel hakuondoka pale. Mireille alikuja kuketi kando yake, bado amenuna, baadaye akaegemea bega lake.

Katika zamu ya saba yule mvulana mwenye pengo alileta mwenyewe lile jaketi lililovuliwa na Mireille, kwa sababu hakutaka mtu mwingine alichukue. Akalitumbukiza, akashika ukingo wa pipa na kuchungulia. Jaketi lilielea vizuri, zuri kuliko yote, safi, halina hata doa. Dakika ya tano lilikuwa juu. Dakika ya nane upande mmoja ukalala. Dakika ya tisa likashuka taratibu, bila sauti, mpaka chini kabisa ya pipa, likatulia juu ya mchanga wake.

Mvulana alimtazama Carmel kana kwamba anasubiri aambiwe mchezo huo unaitwaje. Carmel aliufikiria mto ule wenye rangi ya chai, na maji yale yaliyokuwa mengi tangu mvua ya Jumatano.

Anko Shafiek akalitoa jaketi, likichuruzika maji, akalikata vipande viwili kwa kisu. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na Carmel.

"Eish, mwanangu," alisema. "Kazi nyingine ukiifanya vibaya, yuko mtu wa kuikagua baada yako. Mwalimu anasahihisha daftari. Mama yako anatazama kama umeosha sahani. Lakini iko kazi ambayo haina mkaguzi ila maji, na maji hayana onyo la kwanza. Kazi ya namna hiyo ndiyo ya kuifanya mpaka mwisho, hata kama inachosha, hata kama wenzako wanapiga kasia."

"Nilitaka kumtoa Mireille tu, Anko. Nilitaka kunyamaza."

"Niliona," alisema mzee. "Nilikuona ukimvua. Nikahisi kuna jambo, na mitumbwi nisingeiachia iondoke kabla sijaona utafanya nini na wale wengine. Uliuficha ukweli wiki nzima, na hilo ni kosa. Nafasi yako imekwenda na mwaka huu hairudi. Majaketi yote utayapima wewe mpaka msimu uishe, nami nitakuwa nimekaa hapa hapa, kwenye ndoo hii. Lakini ulisema kabla mitumbwi haijaondoka. Ukweli unaosemwa mapema unamuuma aliyeusema peke yake. Ukicheleweshwa unawaumiza na wasiohusika."

Saa nane na nusu mchana majaketi kumi na tisa yalikuwa yamefaulu, na watoto wakaanza kuingia mitumbwini. Yule mvulana alipewa zamu ya pili, na Carmel alimfungia zipu ya jaketi jingine kwa mikono yake mwenyewe, akaivuta mara mbili kuhakikisha. Mitumbwi ilisogea, makasia yakaingia majini pamoja, na kutoka ukingoni mama mmoja aliyevaa kofia ya njano akampungia mkono mtoto mwenye pengo mpaka mtumbwi ulipokata kona.

"Unamwona yule mama?" Anko Shafiek aliuliza. "Hakujui jina, wala hatakujua. Leo jioni atapika, atamwita mwanawe mezani, na mwanawe ataitika."