Kifaa Kisichochoka

Wanasema mchezea kwao hutuzwa, lakini rafiki yangu mpiga gitaa alisonywa. Kila onyesho alikosea palepale, na kila akikosea mpiga ngoma alimsonya, mpaka bendi nzima ikamhama. Akaapa kupiga peke yake.

Akaenda kwa fundi redio kutafuta kile kifaa cha kukanyaga, kinachonasa unachopiga na kukirudia bila kuchoka. Vipya vilimshinda bei, akachukua cha mtumba.

"Kaka, hicho hakina pa kuchomeka maiki," fundi alimwonya. "Kinanasa gitaa tu."

"Ndicho nikitakacho. Midomo ya watu imenitosha."

Nyumbani akajifungia stoo isiyo na dirisha, akachomeka waya, akapiga. Akakosea palepale. Akakanyaga kitufe asikilize. Gitaa likarudi gizani pamoja na kosa lake, kisha kwenye spika ukafuata msonyo mrefu.

Akafuta. Akapiga upya, polepole, na safari hii hakukosea hata chembe. Akakanyaga. Gitaa likarudi, likapita salama pale pagumu, likaisha. Akashusha pumzi.

Ndipo kwenye spika wakasonya, bendi nzima kwa pamoja.